Nani Aliye Tayari Kuwahudumia Wajane? Taaluma ya Ustawi wa Jamii kwa Jicho la Kimataifa



Baada ya Misa ya Dominika moja, mama wa Nshambya alinisubiri nje ya kanisa akiwa na barua mkononi. Binti yake amepata nafasi ya kusomea ustawi wa jamii, na mjomba aliyeko ng'ambo ameahidi kumtafutia chuo cha Ulaya kwa shahada ya pili iwapo atafanya vizuri. Mama hakuwa na furaha. Alitamani binti awe daktari au mhasibu. "Padre," aliniuliza, "hivi kuwasaidia watu ni jambo la kwenda kusomea? Na kama ni la kusomea, Wazungu watamfundisha nini kuhusu wajane wa kwetu?"

Nilimwomba anipe muda wa kufikiri, kwa sababu maswali yake ni mazito kuliko yanavyosikika. La kwanza linahusu imani yetu: je, upendo unahitaji elimu? La pili linahusu heshima yetu: je, sisi ni wa kufundishwa tu? Naandika makala hii kujaribu kuyajibu, nikiwafikiria pia wazazi wengine wa Bukoba na Muleba walio na barua kama hiyo nyumbani.

Wajane wa Yerusalemu

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinatupatia tukio ambalo mara nyingi tunalisoma haraka. Jumuiya ya kwanza ya Wakristo ilikuwa na upendo wa kutosha. Waamini waliuza mali na kuweka vyote shirika. Hata hivyo manung'uniko yalizuka: wajane waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, huku wajane wenyeji, wasema Kiebrania, wakihudumiwa. Hatuambiwi kwamba aliyegawa alikuwa na chuki. Walisahauliwa tu, kwa sababu lugha yao ilikuwa nyingine na ndugu wa kuwasemea walikuwa wachache.

Mitume hawakujibu kwa kuwaomba waamini wapendane zaidi. Walitengeneza utaratibu. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wenye Roho na wenye hekima, wakawekewa mikono kwa ajili ya kazi hiyo. Tukiyatazama majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, tunaona kwamba yote ni ya Kiyunani. Yaani huduma ilikabidhiwa kwa watu walioweza kuisikia lugha ya waliosahauliwa.

Hapo pana mambo mawili yanayotuhusu. Moyo mwema usio na utaratibu unaweza kumwacha mjane na njaa. Na tatizo la kwanza la ustawi wa jamii katika Kanisa lilikuwa la kimataifa: watu wa lugha na desturi mbili, meza moja, na haki iliyohitaji jicho la kuona pande zote. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, namba 31, anafundisha kwamba wanaowahudumia wenye shida wanapaswa kwanza kuwa na ujuzi wa kazi yao, na kwamba ujuzi huo peke yake hautoshi, kwa kuwa moyo nao lazima uundwe. Vyote viwili vinatakiwa.

Mkoa uliofundishwa na machozi

Sisi wa Kagera tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walipatikana katika mkoa wetu. Wazee wanakumbuka ugonjwa huo ulivyoitwa "Juliana" kabla haujawa na jina la kitabibu. Kilichofuata tunakijua: vibanja vilivyobaki na bibi na wajukuu, migomba isiyopaliwa, watoto wa miaka kumi na mbili wakiwa wakuu wa kaya. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, na Benako ya Ngara ikageuka mji wa maturubai. Mei 1996 ikazama meli ya MV Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko likabomoa nyumba zetu. Machi 2023 ukatangazwa mlipuko wa Marburg katika wilaya ya Bukoba.

Katika kila janga palikuwa na watu wema. Majirani walichimba makaburi, WAWATA walipika, masista waliwapokea watoto. Lakini palikuwa pia na maswali ambayo wema peke yake haukuweza kuyajibu. Mtoto aliyemwona baba na mama wakifa mwaka mmoja anasemeshwaje? Watoto wanne wa marehemu wagawanywe kwa wajomba wanne, au wabaki pamoja? Familia iliyotoka karantini inarudije sokoni bila watu kuikimbia? Maswali hayo ndiyo maudhui ya taaluma ya ustawi wa jamii. Daktari humtibu mgonjwa na wakili huitetea haki yake mahakamani, ila afisa ustawi wa jamii hukaa pale ambapo ugonjwa, sheria, umaskini, huzuni na ukoo vimefungamana katika nyumba moja.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Kusaidia ni wito wa kila mbatizwa. Kusaidia bila kuumiza ni jambo la kujifunza.

Nshamba, na mgeni aliyesikiliza

Tukija kwenye swali la pili, mfano uko karibu. Huko Muleba pana mji mdogo wa Nshamba, ambao jina lake linakaribia sana la kata yetu ya Nshambya hapa manispaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa hapo mradi ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji, kwa msaada wa shirika la Uswisi la terre des hommes schweiz. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia yatima kubeba huzuni yao, jambo ambalo misaada mingi ya wakati ule haikuligusa. Vijana yatima wakajiunga katika umoja wao, Vijana Simama Imara, ambamo waliongozana wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 2003 Kurt Madörin, Mswisi aliyehusika na kazi hiyo, alianzisha pamoja na wenyeji mradi mwingine, Kwa Wazee. Walikuwa wameona kwamba nyuma ya kila yatima alisimama bibi, na kwamba bibi huyo hakuwa na kitu. Mradi haukuanza kwa kumfundisha bibi namna ya kuishi, wala kumletea mbuzi asiyeweza kumchunga. Ulimpa pensheni: shilingi 6,000 kwa mwezi, na nyongeza ya shilingi 3,000 kwa kila mjukuu aliyemlea. Walimwamini kwamba anajua mahitaji ya nyumba yake.

Wengi walidhani fedha zingepotea. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha mengine, na jina lake lenyewe lilitaja vitu vitatu ambavyo bibi walinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Milo ilikuwa ya uhakika zaidi, kuombaomba kulipungua, wajukuu walikwenda shule wakiwa safi, na bibi walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko wenzao wasiopata pensheni. Chumvi na sabuni ni vitu vidogo machoni pa mwenye navyo. Kwa mwanamke wa miaka sabini aliyezoea kwenda kwa jirani na kikombe kitupu, ni heshima iliyorudi.

Sasa tuangalie elimu ilivyosafiri. Ujuzi uliozaliwa kati ya yatima wa Nshamba ulichangia kuundwa kwa REPSSI, taasisi ya kikanda ya kuwasaidia watoto kisaikolojia na kijamii, ambayo baadaye ilishirikiana na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal cha Afrika Kusini kuandaa mafunzo ya cheti kwa wahudumu wa watoto katika nchi kadhaa za Afrika. Machozi ya kijiji cha Muleba yakawa sehemu ya somo la chuo kikuu. Huo ndio mfano mwema wa kusoma kimataifa: mgeni alikuja na ujuzi, akakaa, akasikiliza, na akaondoka akiwa mwanafunzi wa bibi.

Kilicho chetu nacho kipimwe

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila kilicho chetu ni chema kwa sababu ni chetu. Kila padre aliyehudumu katika parokia za mkoa huu ameketi na mjane ambaye shemeji zake wanahesabu migomba kabla ya arobaini. Kwa mujibu wa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza kama mwanaume.

Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Muleba aliuza shamba alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Ndugu wa ukoo alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yabatilishwe. Shauri hilo, linalojulikana kama Ephrahim dhidi ya Pastory, lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ya kibaguzi haiwezi kusimama mbele ya Katiba yetu, ambayo tangu mwaka 1984 ina sura ya haki za binadamu. Katika kufikiri kwake alitumia pia mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia, ukiwamo ule wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake. Leo hukumu hiyo inasomwa katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi.

Tunajifunza nini? Kwamba mwanga uliowashwa mbali ulisaidia kumwona binti wa kwetu ambaye mila yetu ilikuwa haimwoni sawasawa. Lakini hukumu iliyoandikwa Mwanza haitembei yenyewe hadi kijijini. Anahitajika mtu anayeujua mkataba wa kimataifa na anayejua pia kuketi na wazee wa ukoo, kuwaamkia inavyostahili, kuwasikiliza, na kuwaonyesha kwamba kumlinda mjane ni kuulinda ukoo wenyewe. Akiijua mikataba pekee, watamwona mgeni. Akiijua mila pekee, mjane atatoka kibanjani. Mtu wa namna hiyo haokotwi njiani, lazima asomeshwe.

Kinachotoka nje nacho kipimwe

Jicho la kimataifa linatakiwa kuona upande wa pili pia. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki imepokea vijana kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kwa wiki chache kufanya kazi katika vituo vya yatima. Wengi wana nia njema. Lakini mtoto aliyepoteza wazazi anapokumbatiwa na mgeni mpya kila mwezi, na kuachwa kila mwezi, anafundishwa kwamba kila anayempenda ataondoka. Na pale ambapo kituo kinaishi kwa michango ya wageni, kinajengeka kishawishi cha kuwa na watoto wengi kituoni, hata wale walio na bibi au shangazi ambaye angeweza kuwalea kama angepata msaada kidogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuishi na wazazi au walezi wake, na inataka makao ya watoto yawe na leseni. Kituo kiwe kimbilio la mwisho, si la kwanza. Pensheni ya bibi wa Nshamba imetuonyesha njia nyingine.

Jambo la pili ni la juzi tu. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilifikia mwisho wake. Katika nchi nyingi za Afrika miradi ya wagonjwa wa UKIMWI na ya watoto walio katika mazingira magumu iliyumba au kufungwa kwa siku chache. Hatuna haja ya kulaumu. Misaada hiyo iliokoa maisha ya watu wengi, na shukrani ni fadhila. Lakini tumeona kwa macho yetu kwamba huduma iliyojengwa juu ya saini ya mtu wa mbali inaweza kuondolewa kwa saini hiyohiyo. Gari la mradi huondoka. Kinachobaki ni mtu aliyesomeshwa, anayejua njia ya kwenda nyumba ya mgonjwa, na jumuiya iliyozoea kuchangia.

Dunia nayo inajifunza

Taaluma hii haikuzaliwa kwetu. Historia yake hutajwa kuanzia nyumba kama Toynbee Hall ya London, iliyofunguliwa mwaka 1884, ambamo wasomi walihamia kuishi katikati ya maskini. Jane Addams wa Marekani aliitembelea, akarudi kwao na mwaka 1889 akaanzisha Hull House katika mtaa wa wahamiaji mjini Chicago. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tangu mwanzo, basi, ustawi wa jamii ulijengwa na watu waliovuka bahari, wakaona, wakarudi nyumbani.

Na Tanzania hatukubaki watazamaji. Kanisa lilitangulia: mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha chuo cha mafunzo ya kijamii Nyegezi, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Taifa likaanzisha kwa sheria ya mwaka 1973 chuo ambacho sasa ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Mmoja wa walimu wa taaluma hii, Theresa Kaijage, alianzisha mwaka 1989 shirika la WAMATA kwa ajili ya watu wanaoishi na UKIMWI na familia zao, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuwagusa. Baadaye taasisi hiyo ya Kijitonyama ilishirikiana na chuo cha Chicago kinachobeba jina la Jane Addams katika kuandaa wahudumu wa ngazi ya jamii kwa ajili ya watoto yatima.

Julai 2014, huko Melbourne, vyama vya kimataifa vya taaluma hii vilipitisha tafsiri mpya ya kazi yao. Pamoja na haki za binadamu, walitaja wajibu wa pamoja na maarifa ya wenyeji. Mwaka 2021 Siku ya Ustawi wa Jamii Duniani ikachukua kaulimbiu ya Ubuntu: mimi nipo kwa sababu sisi tupo. Waafrika hatukushangaa. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ilikuwa imekwisha kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu. Swali linalobaki ni letu: je, ubuntu tunaousifiwa duniani unaonekana kwa mjane anayehesabiwa migomba? Neno zuri likiwa ukumbini Melbourne na lisiwe kibanjani, litatuhukumu.

Tufanye nini parokiani?

Naomba kupendekeza mambo manne, yanayowezekana hata katika parokia maskini.

Kwanza, tuwatambue wataalamu tulio nao. Kila halmashauri ina maafisa ustawi wa jamii, na wengine ni waamini wenzetu. Waalikwe kuzungumza na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ili kiongozi ajue lini tatizo ni la kusuluhishwa jumuiyani na lini ni la kupelekwa kwa mamlaka. Mtoto akibakwa au kupigwa kikatili, suala hilo halimalizwi kwa kikao cha ukoo na faini ya mbuzi. Simu ya bure ya 116 ipo kwa ajili ya mtoto, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Pili, Karitasi ya parokia isigawe tu sukari wakati wa Kwaresima. Iwe na daftari la wazee wanaolea wajukuu, iwatembelee, ifuatilie. Msamaria Mwema hakuishia kufunga majeraha. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na akaahidi kurudi. Alikuwa na mpango, alikuwa na mshirika, na alifuatilia.

Tatu, wageni wanaokuja kujifunza au kujitolea tuwapokee kwa ukarimu wetu wa siku zote, lakini kwa masharti: waje kwa muda wa kutosha, wawe chini ya uangalizi wa mtaalamu wa hapa, wajifunze lugha, na wasisambaze picha za watoto wetu. Mgeni mwenye nia njema atashukuru kuambiwa hayo.

Nne, tusomeshe. Tumezoea kuchangia harusi kwa mamilioni. Kanda moja ikikubaliana kumchangia kijana mmoja karo ya ustawi wa jamii, na kijana huyo akaahidi kuhudumu mkoani, tutakuwa tumefanya kile walichofanya Mitume walipowawekea mikono wale saba.

Jibu kwa mama wa Nshambya

Nilimrudia yule mama baada ya wiki mbili. Nilimwambia amruhusu binti yake asome, na nafasi ya ng'ambo ikija, aende. Kardinali wetu Laurean Rugambwa alikwenda kusoma Roma, na aliporudi hakuwa Mhaya pungufu. Nikamwomba pia, kabla binti hajaondoka, ampeleke akae na bibi yake mwezi mzima, achote maji, apalilie migomba, asikilize jinsi wazee wanavyosuluhisha na wanapokosea. Atakapofika katika darasa la wageni awe na kitu cha kuwaambia, na atakapowasikiliza awe na kipimo cha kupimia.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na akienda asirudi?" Sikuwa na jibu la hakika, na sikumpa la uongo. Nilimwambia kwamba hilo linategemea kidogo binti, na kwa sehemu kubwa linatutegemea sisi: kama atakuta jumuiya inayomhitaji na iliyo tayari kufanya naye kazi, au atakuta watu wanaoendelea kuamini kwamba kuhudumia wajane ni kazi ya yeyote, na kwa hiyo si ya mtu yeyote.

Bikira Maria, Mama wa Huruma, msimamizi wa kanisa kuu letu, atuombee.